Mtu wa Mlimani Aliyepelekewa Unga

Habari nilizipata stesheni ya Kilosa, nikingoja mzigo wangu. Mwanakijiji mwenzangu wa zamani alishuka kwenye garimoshi akaniambia: yule karani wa ghala la pamba, aliyetufundisha kisomo, amefariki. Kilichonijia kwanza hakikuwa machozi. Niligeuka nyuma kutazama nani anasikia. Miaka imepita tangu mambo nitakayowasimulia, wasomaji wangu, na shingo yangu haijaacha tabia hiyo.

Marehemu alikuwa mtunzi wa hadithi. Asubuhi alipima pamba, mchana aliandika kwa penseli akiwa amekalia gunia, alasiri alitusomea sisi watu wazima wenye mikono ya jembe. Lakini hakuweza kumwandika mtu kabla hajamsikia. Mimi nilikuwa na zeze, basi alikuja uani kwangu akisema, "Bwana, nipigie mtu mwenye njaa asiyetaka watu wajue." Nikianza kupiga, yeye anainuka, anaufuata mdundo kwa miguu. "Kijana mno huyo. Mzeeshe." Napunguza mwendo. "Bado. Mguu wa kushoto unamuuma." Nami nalichechemeza zeze, mpaka anapiga makofi: "Huyo! Kafika!" Anakimbilia penseli yake.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa mtu wa mlimani. Ilikuwa baada ya operesheni ya vijiji, tulipokwisha kuteremshwa kutoka milimani tukapangwa kando ya reli. Katika hadithi, mtu mmoja amekataa kushuka. Anaishi pangoni juu ya mto Mkondoa, anachechemea, na jioni anapiga zeze akitazama shamba lake linavyogeuka pori. Mwelewe jambo moja: kila tulichokuwa tumesoma hadi siku ile kilikuwa kweli. Dawa ya pamba, choo cha shimo, maji ya kuchemsha. Hakuna aliyetuambia kwamba maandishi yanaweza kumzaa mtu. Kesho yake bibi mmoja mjane alikuja na unga kwenye pindo la khanga. "Mwalimu, mpelekee yule baba. Mwambie asipike mchana, moshi utaonekana." Marehemu alicheka akaupokea, na sidhani kama alipata furaha kuliko ile maishani mwake. Haukupita muda, wengine nao wakaleta, debe likajaa.

Debe lile ndilo lililotuponza. Majina sitaji, vyeo nitataja: katibu wa kijiji chetu ndiye aliyeagiza, kamanda wa mgambo ndiye aliyetekeleza, na mwenyekiti ndiye aliyekaa akichokonoa meno. Walituingilia darasani.

"Ndugu Mwalimu, yuko wapi huyo mtoro?"

"Hayupo, Ndugu Katibu. Nimemtunga."

"Umemtunga! Na unga anakula nani, upepo?"

Mtu mmoja akacheka, akajuta papo hapo. Katibu akapunguza sauti. "Anapiga zeze, sivyo? Hapa kijijini nani mwenye zeze?" Macho yote yakanigeukia. Hawakuwa na ubaya, waliogopa tu. "Simama utembee," katibu akaniambia. Kwa hofu niliyokuwa nayo, nikachechemea. "Mnaona! Mchana yuko nasi, jioni anapanda mlima."

Nilifungiwa ndani ya ghala la pamba. Kamanda alilivunja zeze langu kwa goti lake huku nikitazama. Lori la wilayani lingenichukua asubuhi, na waliotangulia na lori lile tulikuwa hatujawaona tena. Mpaka leo nikinusa pamba, natafuta kwanza mlango uko wapi.

Marehemu alikuwa amekwisha kuona kwamba ukweli haunisaidii. Asubuhi akaomba darasa likutane mbele ya katibu, akasoma mwisho wa hadithi: mtu wa mlimani ameshikwa na homa, amekufa peke yake, mvua imeporomosha pango likamfunika. Nilimsikia kupitia mabati, sauti ikitetemeka, maana safari hii hakuwa na zeze la kumwongoza. Bibi mjane akaangua kilio cha msiba, wenzake wakampokea. Katibu akavua kofia. "Basi. Aliyekufa hatumdai. Mfungulieni huyo."

Marehemu hakutunga tena. Nilimwuliza mara moja tu, akanijibu, "Bwana, nimeua mtu."

Juzi mazikoni katibu yule alishika chepe kama ndugu wa damu, hakuna aliyemzuia. Nami nilimwamkia, shikamoo, na marahaba yake nikaipokea nimeinamisha kichwa. Bibi mjane, macho yake sasa hayaoni vizuri, akanivuta mkono. "Mwanangu, mbona wanamlaza huku? Si wangempeleka karibu na yule wa mlimani?"

Nilitazama nyuma kwanza. Kisha nikamwambia, "Ni mbali, bibi."

Ninyi mnaotunga, sikieni maneno ya mtu wa kisomo. Mkishampa mtu wenu njaa, mguu mbovu na wimbo wake, mpaka akaamka akatembea, mtafutieni na pa kujificha. Na hapo pa kujificha, mwachieni jirani yenu nafasi.