Hadithi Zilizovuka Rusizi Ndani ya Magunia ya Kabichi

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu wa ziwani bado haujaondoka Kamembe, Rwanda, na Mwalimu Benitha Mukandori amekwisha panda juu ya dawati. Kamba ya katani imefungwa kutoka dirisha hadi dirisha. Anaanika magunia.

Ni magunia kweli, yale meupe ya mchele ya kilo hamsini. Yamegeuzwa, ndani imekuwa nje, na kila moja limeandikwa hadithi fupi ya Kiingereza kwa wino mzito mweusi. Linapanda la kuku aliyesafiri kwa pikipiki. Linafuata la bibi aliyepigiwa simu akadhani ni redio inamwita jina. Mimi niliyejifunza lugha hiyo kwa fimbo nimesimama mlangoni, nacheka peke yangu kama mwehu.

Darasa hili la tano lina watoto sitini na wawili. Vitabu vya kusomea Kiingereza ni tisa, na kimoja hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Hesabu nyingine sina haja ya kukupigia.

“Kitabu moja, batoto saba. Ule wa saba anaona nini? Anaona mugongo ya mwenzake,” anasema Benitha akishuka dawatini.

Upande mmoja wa gunia kuna hadithi, upande wa pili kuna maswali, na ndiyo sababu halipasui gunia kama walimu wengine wanavyofanya. Anataka kurasa mbili. Tena hadithi zake zote hazina mwisho. Pale utamu unapokolea, anaacha, na kila mtoto anaandika mwisho wake kwa Kiingereza alicho nacho. Anasema mtoto mwenye hamu ya kumaliza hadithi husahau kuogopa kukosea.

Benitha ana miaka arobaini na minane. Alizaliwa Bukavu, ng’ambo ya mpaka huko Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda, akasoma kwa Kifaransa na kucheza kwa Kiswahili. Huko aliitwa Mnyarwanda. Familia iliporudi huku, majirani wapya wakamwita Mkongomani. Anayasimulia haya bila uchungu, akikunja kamba iliyobaki.

Alianza kazi akifundisha kwa Kifaransa. Kiingereza kilipoingia kuwa lugha ya kufundishia mwaka 2009, akageuka mwanafunzi upya akiwa na watoto wawili nyumbani. Alikuwa akimenya ndizi huku anajisomea sentensi kwa sauti, na mumewe, Gasana, ambaye ni mwashi, akimuuliza kama ana homa.

Gunia la kwanza aliliandika mwaka 2011. Ni la mama mchuuzi anayevuka kwenda Bukavu kuuza mbuzi. Wakiwa kwenye foleni ya mpaka, mbuzi anakula jeto la mama huyo, kile kikaratasi cha kuvukia. Mama tayari yuko katikati ya daraja la mto Rusizi. Mbele hawamruhusu, nyuma hawamruhusu. Hapo hadithi inakatika.

Gunia hilo lilikuwa na siri, na Benitha amenitolea la moyoni huku kaziba nusu ya mdomo kwa kiganja.

“Batoto balikuwa banafikiri ile magunia iko yabo. Ilikuwa yangu. Nikisahau neno, nageuka kama muntu anaonyesha kwa kidole, kumbe nasoma.”

Mwaka jana magunia yalifika arobaini na moja. Agosti, yote yakaenda Bukavu.

Ili uelewe, lazima umjue Véronique. Huyu ni mama wa Bukavu anayevuka kila siku mpaka wa Rusizi ya Kwanza. Ananunua kabichi na karoti soko la Kamembe, anawatwisha wabeba mizigo, na kabla ya saa sita yuko upande wa pili. Yeye ndiye humpatia Benitha magunia yaliyochoka, bila kudai kitu. Benitha huchagua yaliyo safi kwa ndani, na yaliyobaki huyafunga bunda amrudishie. Wamekwenda hivyo miaka na miaka. Wakati wa mazungumzo yetu Benitha amenikatiza mara tatu kuhakikisha jina la Véronique nimeliandika.

Sasa, kila shule inapofunga, Benitha hufua magunia yake kutoa vumbi la chaki. Kisha huyageuza tena ili maandishi yakae ndani, jua lisiyafifishe, na huyafunga kwa katani. Msomaji, nieleze wewe: gunia lililogeuzwa hivyo lina tofauti gani na gunia tupu la sokoni?

Asubuhi hiyo ya Agosti mabunda mawili yalikuwa kibarazani, moja la hadithi na moja la kurudisha. Benitha alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Véronique akapita mbio, foleni ya mpaka ikimsubiri, akamkuta Gasana anachanganya saruji. Gasana, muungwana, akanawa mikono, akachukua bunda lililokuwa karibu na akamsaidia hata kujitwisha.

“Miye niliona magunia,” Gasana anajitetea mpaka leo. “Mufundi wa matofali nitajuaje kama gunia iko na hadithi ndani ya tumbo?”

Majirani wamempa jina, Bwana Kabichi. Analiitikia.

Siku tatu zilipita. Benitha alipofungua bunda lililobaki ili akarabati herufi zilizofifia, alikuta matundu ya panya na harufu ya vitunguu. Hakuna hata neno moja la wino. Alikaa chini pale pale, bunda mapajani.

“Sikulia,” anasema. “Nilijiuliza tu, mwezi wa tisa nitasimama mbele ya batoto na nini? Batajua sasa kama Mwalimu hajui Kiingereza.”

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Shule ingefunguliwa baada ya wiki nne, na kazi ya miaka kumi na minne ilikuwa imeondoka, pamoja na mahali pa kugeukia akikwama.

Kesho yake alfajiri mume na mke walikuwa mpakani. Véronique alipoambiwa, alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa ameyagawa kwa akina mama wote wa kikundi chake, yakajazwa kabichi bila mtu kuchungulia ndani, yakavuka daraja na kutawanyika katika masoko ya Bukavu. Tena, alikiri, siku ile alifurahi mno, kwa kuwa hajawahi kupata magunia safi kama yale.

Wahenga wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni rahisi kulisema kwa mtu ambaye koleo lake ni zima. Benitha alirudi nyumbani, akafunga mlango, hakutaka hata kupika.

Véronique yeye hakukaa. Bukavu kuna kitu wanakiita radio-trottoir, habari inayotembea kwa midomo barabarani, na hakuna mtambo unaoishinda. Aliwaambia wauza mboga, na wauza mboga wakawaambia wateja. Jumapili akaomba nafasi katika matangazo ya parokia yake, akasimama mbele ya waumini na kueleza kwamba anatafuta magunia yenye Kiingereza. Kanisa zima lilicheka, halafu likaenda kutafuta.

Upande wa Kamembe kulikuwa na Izabayo. Ni mbeba mizigo wa mpakani, ana miaka ishirini na minne, na alisoma kwa Benitha hadi darasa la sita, baba yake alipofariki akaacha shule. Kila mbeba mizigo aliyepita darajani alipewa maelezo yake: ukimwaga mzigo, geuza gunia, tazama.

Gunia la kwanza lilirudi siku ya tano, kichwani mwa mama ambaye Benitha hajawahi kumwona. Lilinuka kitunguu. Mama yule alilikabidhi, lakini hakuondoka. Alitaka kuambiwa kama yule kuku wa kwenye pikipiki alifika salama.

“Nikashangaa. Muntu amevuka mpaka juu ya kuku yangu,” anasema Benitha.

Kumbe huko masokoni magunia yalipomwagwa kabichi, akina mama waliona maandishi, wakawaita watoto wao wanaojua Kiingereza kidogo wawasomee. Hadithi zikafika pale zinapokatika. Wengi walioyarudisha walikuja na swali lile lile la jinsi hadithi inavyoisha, na Benitha akawajibu wote kwamba waseme wao.

Kufikia wiki ya kufungua shule yalikuwa yamerudi thelathini na matatu. Saba yalikuwa yamekwisha: mengine yamepasuliwa kuwa vikanyagio vya miguu, moja limekuwa pazia la duka la makaa. La mbuzi halikuonekana. Lile la kwanza kabisa, ambalo Benitha angelikomboa kwa yote mengine.

Jumapili moja mchana, Izabayo akaja nyumbani kwa Benitha na wenzake sita, wote wanafunzi wa zamani. Kuna fundi cherehani, kuna wa pikipiki, mmoja ana mtoto mgongoni. Walikuja na magunia saba matupu. Wakakaa uani, wakaanza kumtajia Mwalimu hadithi zilizopotea, neno kwa neno, kwa Kiingereza, naye akaandika. Walibishana sana kama mwavuli wa yule bibi wa simu ulikuwa mwekundu au wa kijani. Gasana alikoroga uji wa mtama na kuwagawia wote, kama mtu anayelipa faini.

Izabayo alisimulia hadithi mbili nzima bila kusita. Anabeba mizigo ya watu mwaka wa kumi na moja sasa. Nilipomuuliza amezikumbukaje, alisema akiwa na mzigo kichwani hawezi kutazama simu wala kuongea na mtu, basi huwa anajisimulia.

“Neno ya aksanti njo nilikosa siku ile,” anasema Benitha. “Nilifungua kinywa, haikutoka. Nilikuwa sijui kama nilifundisha kweli.”

Siku ya kwanza ya muhula alianza na hadithi ya mbuzi, kama anavyoanza kila mwaka. Gunia lake halikuwepo. Akapiga moyo konde, akasimama mbele ya watoto na kuisimulia kwa mdomo mwanzo hadi pale inapokatika. Darasa likalipuka maswali. Alijibu yote, kipindi kizima, na kengele ilipolia ndipo alipogundua kwamba hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mwezi wa kumi, Véronique alimwita Benitha mpakani, akiwa na mgeni, mama muuza karoti wa Bukavu anayeitwa Aurore, ambaye wote wanamwita Maman Gracia. Gunia la mbuzi lilikuwa kwake. Limetundikwa ukutani, juu ya kitanda cha binti yake, Gracia, mwenye miaka kumi na miwili. Shuleni kwao wanasoma kwa Kifaransa, na Kiingereza wanakionja tu.

Maman Gracia hakulileta. Aliomba radhi mara nyingi, macho chini, akasema kila akitaka kulitoa ukutani mtoto anamwomba siku moja zaidi. Badala yake alileta karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Gracia ameandika mwisho.

Benitha ameniruhusu kuisoma. Ni Kiingereza cha kukwama-kwama, Kifaransa kimejipenyeza hapa na pale, lakini kinaeleweka. Kwa miaka yote, watoto wa Kamembe humaliza hadithi hii kwa namna mbili: mbuzi anachinjwa, au afisa anasamehe. Gracia ameandika kwamba mama alisimama katikati ya daraja bila karatasi. Watu wa upande huu wakapaza sauti, wakasema huyu ni wetu. Watu wa upande ule nao wakasema, hapana, huyu ni wetu. Wakabishana mpaka jua likawa kali. Afisa akachoka, akamwambia mama apite aende anakotaka, kwa sababu mtu anayegombewa hivyo hahitaji karatasi.

Benitha aliisoma akiwa amesimama pale mpakani, kati ya watu na mizigo. Akaikunja. Akamshika mkono Maman Gracia, na siku hiyo alilia.

“Nilimwambia, acha libaki kwako,” anasema. “Ile saki ya mbuzi nilikuwa nashikamana nayo kama fimbo ya kipofu. Sasa iko na kazi kwake.”

Magunia yanaendelea kuvuka, safari hii kwa makusudi. Kila wiki mbili Véronique anaondoka na moja ndani ya mzigo wake, na miisho inarudi kwa karatasi, kutoka kwa Gracia na watoto wa mtaa wao. Watoto wa Kamembe wanaisoma kwa sauti, wanaisifu, wanaikosoa, wanatuma ya kwao. Benitha anatamani kila darasa la nne, la tano na la sita hapo shuleni liwe na kamba yake, na mkuu wa shule ameshakubali kamba ya pili.

Lakini anachokingoja hasa ni siku moja tu, ambayo shule ya Gracia itakuwa imefunga na ya hapa bado inasoma. Maman Gracia ameahidi kumvusha binti yake aje asome mwisho wake mwenyewe mbele ya darasa la tano. Watoto sitini na wawili wameambiwa kwamba atakuja mgeni. Wamemuuliza Mwalimu kama mgeni huyo ni wa huku au wa huko.

“Niliwajibu, ni wenu.”