Maji ya Uso Wangu

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu mtaa wa Kuze, nilimwonea kijicho dada yangu Zuhura kwa kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili zake angekitamani: kipandauso.

Kikimshika, nyumba nzima hunyamaza. Madirisha hufungwa, jirani huombwa apunguze redio, na Mama, ambaye mimi nilimpata kwa kuibia baina ya jiko na cherehani, hulala ubavuni mwake akimkanda paji la uso. Zuhura alitapika, akalia kwamba mwangaza unamchoma. Mimi nilisimama mlangoni nikijaribu kuumwa.

Idi moja alisukwa nywele na kutiwa asumini. Nikamwambia, "Zuhura, leo umependeza!" Basi, ni hilo tu. Kabla ya adhuhuri alikuwa kitandani. Bibi, mamake Mama, akanigeukia.

"Ulisema mashallah?"

"Nilisahau, Bibi."

"Ulisahau! Haya, lete beseni."

Kwetu, anayeshukiwa kuwa na jicho la husuda huoshwa uso na mikono, na mgonjwa humwagiwa maji yale. Mama ndiye aliyeniosha, mbele ya shangazi na binamu waliokuja kula biriani, asinitazame hata mara moja. Maji yakamiminwa kisogoni pa dada yangu. Zuhura akalala; alipoamka, mzima! Niambie, mtoto angejitetea vipi hapo? Kwamba kipandauso mara nyingi hupoa mtu akilala, nilikuja kulijua chuo kikuu, na hukumu ilikuwa imeshapita zamani.

Tangu hapo, kila akiumwa niliitwa mimi. Binamu zangu wakiniona huficha nguo zao mpya: "Funikeni, funikeni, jicho laja!"

Mwaka jana, baada ya vidonge vya kila rangi kushindwa, Zuhura alipasuliwa. Daktari alisema mshipa wa fahamu kisogoni ulibanwa, akaulegeza. Siku hizi kipandauso humjia mara chache, tena kwa unyonge. Lakini siku tuliyokwenda kumtazama wodini, mimi nilikwenda nimejipanga kama niendaye mdahaloni: kumbe ni mshipa! Nani ataniomba radhi? Sijafungua mdomo, Bibi akaniwahi.

"Alhamdulillahi. Daktari kalitoa lile jicho."

Chuoni nimewashinda wanasheria watarajiwa katika midahalo, lakini Bibi nikamwacha na neno lake. Nikamvuta Mama nje, kwenye ujia wa wodi.

"Mama, wewe uliamini ni mimi?"

"Sikuamini."

"Sasa mbona uliniosha?"

Alitengeneza mtandio wake. "Mwenzio alikuwa akilia, mwanangu. Wewe hukuwa ukilia."

Kisha akarudi ndani kumwekea Zuhura mto sawa.

Hasira yangu haijesha, wala siioni sababu ya kuimaliza: mtoto alifanywa mchawi na watu waliompenda, wakaenda zao kula. Ila Bibi nampa haki yake kwa jambo moja. Kijicho nilikuwa nacho. Walidhani nazitamani nywele na asumini, hakuna aliyeniuliza. Na siku ile mlangoni mwa wodi, mtu mzima nimesimama na hoja zangu zote, nilimwona Mama ameinama juu ya kile kitanda, kijicho kikanishika tena.