Bwana Nyufa na Ukuta wa Shangazi

Pale halmashauri, idara ya majengo ya kale, palikuwa na mkaguzi aliyezijua kuta kuliko daktari anavyojua mbavu. Walimwita Bwana Nyufa. Miaka ishirini na miwili alizunguka na kikapu cha plasta na vipande vya kioo. Akiona ufa, anabandika kioo juu yake na kuandika tarehe. Kioo kikivunjika, ukuta umetembea: nyumba inatiwa wekundu daftarini, na wenyewe wanahama mpaka itengenezwe. Watu walisema ukuta ukipiga chafya mtaa wa pili, yeye huku anaitikia "afya!" Waongo hao, ila si sana.

Sasa, nyumba ya shangazi yake, yule aliyemlea, ilikuwa imezika mababu watatu na bado imesimama. Ufa wake ulishuka kutoka darini hadi dirishani. Baada ya wiki mbili za mvua, mkaguzi akabisha hodi.

"Karibu, mheshimiwa wa nyufa," shangazi akasema. "Kioo chako hicho, kizima kama jino la mtoto. Andika uende, nina kazi."

Kilikuwa kizima kweli. Kizima mno. Kioo cha miaka minne hakina vumbi? Tena kina ukingo wa dhahabu? Bwana Nyufa akageuza shingo taratibu. Picha ya harusi ya shangazi ilining'inia uchi, bwana harusi anapigwa na upepo.

"Shangazi, kioo cha picha kiko wapi?"

"Marehemu alilalamika joto."

"Na changu kilivunjika lini?"

Shangazi akakaa chini. "Jumanne. Nilisikia *tak*. Baba, nikitoka humu fundi hatakuja, nami sitarudi tena."

Hilo lilimchoma, maana nyumba zilizofungwa zikasahauliwa alizijua kwa idadi. Lakini ukuta haujui shangazi ni nani. Akatia wekundu. Chini yake akaandika siku ya kuuegemeza ukuta kwa magogo na siku ya fundi kuanza, akapiga muhuri, akampa nakala.

"Siku hiyo ikipita, njoo ofisini ukalie kiti changu mpaka mafundi waje."

"Nije na mdomo huu?"

"Huo ndio usiusahau."

Shangazi akahamia kwa mkaguzi. Asubuhi ya tatu, Bwana Nyufa alifumbua macho akaona, juu ya kitanda chake, kipande cha kioo chenye ukingo wa dhahabu kimebandikwa ukutani kwa uji mzito, na tarehe kwa mkaa.

"Nyumba yako ya juzijuzi nayo ina ufa," shangazi akasema mlangoni. "Kikivunjika, wekundu. Tutahamia kwangu wote."