Siku Nilipozima Lori Kwamndolwa

Jamani, mkicheka chekeni kwa adabu, kwa sababu mpaka leo mtu akinipa pole ya moshi, hata kama ni moshi wa kuni za mke wangu, masikio yananiwaka moto kwa aibu.

Ilikuwa ile miaka watu wanahamia vijiji vya ujamaa, na mimi nilikuwa bwana afya kijana pale Korogwe, mtoto wa Vugiri niliyezoea ukungu na hewa ya milimani, nikapangiwa kazi huku bondeni penye joto na vumbi. Vumbi nililizoea. Kilichonishinda ni moshi. Kliniki ya mama na watoto ilikuwa imepakana na kituo cha mabasi (aliyeviweka pamoja sijui alikuwa anafikiria nini siku hiyo), basi magari yakifika hapo yanaachwa yananguruma tu, moshi mweusi unaingia madirishani, mtoto anakohoa, mama anakohoa, nesi anakohoa, na mimi niliyekuja kuwafundisha habari za vyoo nakohoa kuliko wote.

Kila kikao cha wilaya nikawa nasimama kusema habari za moshi, na kila kikao mwenyekiti ananijibu, "Bwana Afya, tumalize vyoo kwanza." Nikasema mpaka wakanichoka, wakakubali nijaribu. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi: tuweke kizuizi Kwamndolwa, kabla ya kuingia mjini, mgambo awe na kitambaa cheupe kwenye ncha ya fimbo, dereva akanyage mafuta, kitambaa kishikwe nyuma ya bomba. Kikitoka cheusi, gari haliingii mjini mpaka litengenezwe, hata liwe gari la nani. Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza mimi mwenyewe, kwa mbwembwe.

Kazi ya kizuizi nikampa Mama Zaina, mgambo mmoja mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Nikamwambia, "Mama, hata nikipita mimi, nisimamishe." Akanijibu, "Sawa, mwanangu," na kwa alivyoniangalia ningepaswa kujua kwamba ameliweka moyoni.

Mambo yakaenda vizuri, habari zikafika Tanga, tukaambiwa wageni watakuja kutoka mkoani kuona jinsi kizuizi kinavyofanya kazi, na wakiridhika basi utaratibu huo utaingia kwenye mpango wa usafiri wa mkoa mzima, Handeni, Lushoto, Muheza, Pangani, kote. Hebu nielezeni, mtu mwenye akili, anayejua kwamba kesho asubuhi anapokea wageni wa namna hiyo, anakwenda wapi leo?

Mimi nilikwenda Handeni harusini.

Alikuwa anaolewa dada yangu, na basi la kurudi Korogwe liliondoka alasiri, wakati ule ule ubwabwa unapakuliwa. Nikajiambia nitarudi na la asubuhi. Huo ndio uamuzi wenyewe, sahani ya ubwabwa, mengine yote yalizaliwa hapo.

Asubuhi basi halikuja. Tunaambiwa limevunjika springi huko porini. Nimesimama barabarani na shati langu jeupe la kupokelea wageni, jasho linanitoka, mara linakuja lori la kijiji limebeba mahindi, na juu ya magunia wamekaa shangazi zangu wanarudi kwao, wanaimba utadhani harusi ndiyo kwanza inaanza. Dereva ni Mzee Mhando, baba mdogo wa bwana harusi, yaani mkwe kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Panda mbele, tutafika sasa hivi."

Nikapanda mbio kabla halijasimama. Sikuzunguka hata kuangalia nyuma ya gari, jamani! Mimi, mtu wa moshi! Tulipoanza kupanda kilima cha kwanza nikasikia kikohozi huko juu kwa shangazi, nikachungulia kwenye kioo cha pembeni, sikuiona barabara. Nyuma yetu hapakuwa na Handeni, hapakuwa na miti, palikuwa na giza.

"Mzee, mbona linatoa moshi hivi?"

"Ringi za injini zimekwisha," akasema kwa upole, kama mtu anayekueleza habari za mgonjwa wake. "Linakula oili. Lakini lina nguvu hilo!"

Sasa ningefanya nini? Nimwambie mkwe wangu, siku moja tu baada ya harusi, kwamba gari lake ni aibu, niteremke? Nilifikiria nishuke kabla ya kizuizi nitembee kwa miguu, lakini selfu ya kuliwashia ilikuwa imekufa, likisimama linazimika, na likizimika ni mpaka lisukumwe. Basi nikawa nahesabu vijiji mpaka tulipokikaribia kizuizi, na pale kabla yake kuna kateremko, ndipo shetani akaniletea akili.

"Mzee," nikasema, "ukilizima hapa juu, halitaserereka lenyewe mpaka chini?"

"Litaserereka."

"Basi lizime."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Tubane mafuta," nikasema. (Mafuta yalikuwa ya shida wakati ule, uongo ukapata pa kukaa.) Nilidhani tutafika kimyakimya, Mama Zaina aone gari safi halina moshi hata kidogo, ainue mti wa kizuizi, tupite tukiserereka mpaka ng'ambo, wageni wakiona nafika na gari la kijiji waseme huyu ndiye mtumishi wa watu.

Tukateremka kimya kama jeneza. Shangazi nao wakaacha kuimba wakishangaa. Chini nikawaona wageni wamepangana kandokando ya barabara, mashati meupe yamepigwa pasi, mwenyekiti wetu wa wilaya yuko katikati anawaonyesha kizuizi. Na Mama Zaina akauacha mti ulipo. Mzee Mhando akakanyaga breki, lori likasimama.

"Bwana Afya huyo!" mwenyekiti akasema kwa furaha. "Tulikuwa tunakutafuta!"

Nikashuka, nikasalimia, nikasema, "Mama Zaina, fungua tupite, hili halina moshi, unaona mwenyewe."

Mama Zaina akazunguka nyuma na fimbo yake. "Gari limezimwa," akasema. "Liwashwe nipime."

"Selfu mbovu, mama. Acha lipite."

"Kwa nini limezimwa huko juu?" akauliza, na mimi sijafungua hata mdomo, juu ya magunia ikatoka sauti ya shangazi yangu mkubwa, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe:

"Bwana Afya ndiye aliyesema lizimwe! Tumemsikia! Tumekufa na moshi toka Handeni!"

Mwenyekiti akaangalia viatu vyake. Mgeni mkuu, baba mmoja mnene mwenye sura ya ukarimu, naye sijui alikusudia kuniokoa, akapandisha mikono ya shati akasema, "Ndugu zangu, gari la kijiji haliwezi kulala barabarani. Hata kizuizi kinahitaji liwake. Tusukume!"

Nikasema, "Mzee, hapana, tafadhali, usiende nyuma," akadhani naona aibu kwa ukubwa wake, akanipigapiga bega, "Kazi ni ya wote, kijana." Wageni wote wakaenda nyuma. Mwenyekiti akaenda nyuma. Na mimi nikaenda nyuma, ningekaa wapi? Tukasukuma moja, mbili, Mzee Mhando akaachia klachi, lori likakohoa, likatingishika, likanyamaza. "Tena!" akasema mgeni mkuu, mdomo wazi, anavuta pumzi. Na hiyo mara ya pili likawaka.

Sitaeleza rangi ya ule moshi. Niseme tu kwamba kwa muda sikumwona mtu, nilisikia watu. Ulipotawanyika, wageni wetu kutoka Tanga walikuwa wamesimama mikono mbele kama bado wanasukuma, weusi kuanzia paji la uso mpaka mkandani, machozi yanawachora mistari mashavuni. Shati la mgeni mkuu ungedhani limetolewa kwenye gunia la mkaa.

Mama Zaina peke yake ndiye aliyekuwa na kazi ya kufanya. Akapeleka kitambaa kwenye bomba, akakitoa, akakiinua juu watu wakione.

"Limeshindwa," akasema. "Liondoke barabarani. Na Bwana Afya asiondoke, tumsikilize."

Mgeni mkuu akafuta macho. "Mama," akasema, "hicho kitambaa ungekiacha tu. Mimi nimeshapimwa."

Wote wakacheka, shangazi wakacheka zaidi, na hapo ningeshukuru kama ardhi ingenimeza, lakini kulikuwa na kikao, tukakaa kikao tukinuka oili. Niliomba msamaha mbele ya watu kwa kudanganya. Wakasema sheria ni nzuri na imeonekana kwa macho, itaingia kwenye mpango wa mkoa. Nikafufuka. Kisha mmoja akasema, ila tukiyazuia malori ya vijiji mahindi yatakwama, hebu tumeona leo. Wakayasamehe malori ya vijiji. Mwingine akakumbuka magari ya serikali. Wakayasamehe. Mabasi nayo ni ya umma, wakayasamehe. Nilipotoka nje nikapiga mahesabu ya magari yaliyobaki chini ya sheria niliyoipigania muda wote ule, nikapata pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Kerenge, na pikapu hiyo, naapa, ilikuwa haitoi moshi hata kidogo.

Ningefika mchana na kusema nimechelewa, basi limevunjika, wangenikaripia mara moja tu na yangekwisha, na sheria ingekuwa na meno. Mchelewaji huulizwa siku moja, mjanja huulizwa mpaka anazeeka. Kwa hiyo mimi siku hizi nikichelewa nachelewa, naingia mlangoni nikisema nimechelewa, na anayetaka kununa anune.