Nguruwe Mwitu Alivyojaza Ukumbi wa Sinema

Drahomíra Pelcová alipika supu za shule maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu, badala ya kufuga sungura kama wastaafu wenye akili timamu, akaamua kuwaonyesha watu wa Smrčkov, mji mdogo wa Ucheki, dunia. Kila Alhamisi jioni alifungua ukumbi wa zamani wa sinema, akapanga mezani mikate yenye saladi ya viazi na tango la siki, akawasha projekta. Filamu zake zilikuwa za hali halisi: wavuvi wa Chile, wakunga wa Nepal, wavuna barafu wa sijui wapi. Waliohudhuria ni padri, aliyekuja kulala, na mjane Hedvika, aliyekuja kwa ajili ya mikate. Filamu ikiisha hufuata majadiliano, ndiyo desturi. Padri alikoroma, Hedvika akatafuna, Drahomíra akauliza swali na kujijibu mwenyewe.

Meya Ctibor Vondruška aliutaka ukumbi huo, ambao ni mali ya mji, aujaze mashine za kamari. Akamtangazia Drahomíra baani, mbele ya watu, kwamba Septemba ikiisha anabadilisha kufuli. Drahomíra akaomba Alhamisi moja tu, aonyeshe kwamba watu wanaweza kuja.

"Mama Draha," meya akasema, povu la bia likiwa bado kwenye masharubu, "siku ukumbi ule ukijaa, mimi mwenyewe nitasimama mlangoni nikuchanie tiketi mpaka nizeeke."

Baa nzima ikacheka. Drahomíra akaikung'uta sketi yake.

"Haya, bwana meya. Mashahidi wako hapa, na wengine hawajalewa."

Sasa, mtu wa Smrčkov atakusimulia bawasiri yake, mshahara wake, hata nani kalala na mke wa nani, lakini hatakwambia anapochuma uyoga. Ndugu wamezikana bila kuambiana. Na bingwa wa uyoga alikuwa meya. Kila msimu alishinda shindano la kikapu cha uyoga, kila msimu picha yake ilitoka kwenye gazeti la mji, amevaa kofia yake ya kijani, amepiga goti msituni karibu na uyoga mnene kama kitambi cha askofu. Watu walimchagua kwa hilo hasa. Sera zake hakuna aliyezijua.

Msimu uliopita binti mmoja kutoka jiji la Brno, Zdislava, alikuwa amefunga kamera kwenye miti ya msitu ule, zile zinazojiwasha mnyama akipita, atengeneze filamu ya nguruwe mwitu. Alimletea Drahomíra kazi iliyokamilika. Drahomíra akaitazama peke yake jikoni, akacheka hadi kahawa ikamtokea puani. Kisha akabandika tangazo kwenye mlango wa duka la nyama: filamu ya nguruwe mwitu, imepigwa katika misitu yetu, wakati wa uyoga, kwa kamera zilizofichwa. Hakuongeza neno.

Mji ukashikwa na homa. Kila mtu aliogopa pahali pake pameonekana, na kila mtu aliomba Mungu pa jirani paonekane. Alhamisi ilipofika ukumbi ulifurika mpaka watu wakakalia ngazi. Wengine walikuja na ramani ya msitu na kalamu. Meya alikaa mbele, kwani cheo hakikai nyuma.

Lakini Drahomíra hakuanza na nguruwe. Alianza na filamu ya mama mmoja wa milima ya Georgia, anayevuka mto kwa kamba huku akiisubiri serikali imjengee daraja. Watu walinung'unika, wakatafuna, halafu polepole wakanyamaza. Yule mama alipoteleza, Hedvika aliacha mkate hewani.

Ndipo wakaja nguruwe. Wakaja pia wachumaji, mmoja mmoja, na ukumbi ukawa unaguna na kuandika. Kisha akatokea mtu mwenye kofia ya kijani na mfuko wa dukani. Akapiga magoti. Akatoa uyoga kwenye mfuko, mmoja mmoja, akauchomeka ardhini kwa upole wa kuku anayetaga. Akarudi nyuma hatua chache, akapiga picha, akajifanya kushangaa. Nyuma yake nguruwe jike akasogea, akanusa, akaula uyoga wa ushindi. Bingwa akaonekana juu ya kisiki, amekumbatia mti.

Kicheko kilitikisa vioo. Padri alicheka akalia.

Taa zilipowaka, Drahomíra akauliza kama kuna swali. Kwa mara ya kwanza mikono ilinyooka. Muuza nyama alisimama, na wote walijua atasema nini kuhusu uyoga, ila hakusema hilo.

"Yule mama wa Georgia anasubiri daraja. Sawa. Na letu la mtoni, lililofungwa tangu mafuriko, bwana meya?"

Wakabishana hadi mikate ikaisha: daraja, serikali, kamba ipi ni imara. Mashine za kamari hakuna aliyezitaja tena, hata meya mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata filamu ilihusu wafuga nyuki wa Yemen, na foleni ilifika hadi kwenye duka la nyama. Mlangoni alisimama Vondruška, bila kofia, akichana tiketi. Hedvika akamnyooshea yake.

"Ichane vizuri, Ctibor. Usije ukaipanda msituni."

Drahomíra hakusikia. Alikuwa ndani, anaongeza viti.