Karoti za Harusi Ndani ya Mashine ya Kufulia

Nizomiddin alikuwa na sheria moja, na aliwasomea wenzake kila walipoivunja: usimtumie mtu video ambayo wewe mwenyewe hujaitazama mpaka mwisho. Ni sheria nzuri, na laiti kila mtaa ungekuwa nayo. Mwalimu huyu mstaafu wa mji wa Kokand ndiye aliyeanzisha kundi la simu la mtaa wake. Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, alikuwa ameshatuma ugunduzi: kukata tikitimaji kwa uzi, mbuzi aliyepanda paa, dawa ya chawa wa kuku. Watu walimjibu kwa mioyo midogo myekundu, naye akaizoea mioyo hiyo kuliko inavyomfaa mtu mzima.

Jirani yake Sobir alikuwa anamwoza mwanawe. Wageni wangekuja kula pilau mara baada ya sala ya alfajiri, kwa hiyo jioni ya kuamkia harusi wanaume wa mtaa walikaa uani kwa Sobir na visu vyao, wamenye na kukata karoti kama ilivyo desturi.

"Wekeni visu chini," Nizomiddin akasema. "Leteni magunia kwangu, nyinyi mnywe chai. Nitawarudishia zimeshamenyeka."

"Kwa uchawi gani, mwalimu?" Sobir akauliza.

"Sayansi, kaka! Si nimewatumia video asubuhi? Hamtazami?"

Ergash, mpishi wa pilau, hakucheka. "Soko limeshafungwa. Karoti hizo zikiharibika, kesho Sobir atawalisha wageni wali mtupu."

"Fundi, wewe shughulika na sufuria yako."

Magunia yalipofika kwake, akazimimina karoti kwenye mashine ya kufulia ya mkewe, akatia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, akachagua mzunguko wa mablanketi. Mashine ikatetemeka, ikaruka, kisha ikaanza kutembea kuelekea mlangoni kama mgeni aliyekasirishwa.

Oydin, mkewe, akatokea na simu mkononi. "Baba Sardor! Nini kinabishana humo ndani?"

"Karoti za Sobir."

"Ndani ya mashine yangu?"

"Kwani hukuiona ile video ya bwana anayemenya viazi kwa mashine ya kufulia?"

"Nimeiona yote. Wewe je?"

"Nusu. Iliyobaki ni salamu tu."

Oydin akamsogezea simu puani. Mwisho wa video, yule bwana aliyemenya viazi alikuwa amesimama ndani ya povu lililomfika magotini, akisema: "Kwa hiyo, ndugu zangu, msijaribu nyumbani."

Mashine ikakohoa, ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza. Walipofungua mlango wake ukamwagika uji wa manjano wenye nywele za chuma, ukinukia sabuni.

Wanaume walikuja mbio. Ergash akachota kidogo kwa kijiko, akanusa. "Zimetakata kweli," akasema. "Tumvike bwana harusi."

"Mwalimu," Sobir akasema, karibu kulia, "mimi wageni nitawaambia nini?"

Nizomiddin alichukua kikapu akaenda kugonga milango, nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba alieleza upya anatafuta nini na kwa nini. Alipewa karoti nyekundu, za manjano, za rangi ya chungwa, zilizopinda, na moja iliyokwisha kuonjwa na sungura. Akazimenya zote mwenyewe, kwa kisu. Pilau ikaiva, ingawa wageni waliopata rangi tatu sahanini walitaka maelezo, na Sobir alikuwa anawaelekeza tu: "Muulizeni yule pale."

Mashine haikupona. Tangu siku hiyo Nizomiddin hufua nguo za nyumba nzima kwa mikono, uani, kwenye beseni. Sobir alimrekodi akikamua shuka, akaituma video hiyo kwenye kundi, na mtaa mzima uliitazama mpaka mwisho. Sasa Nizomiddin akituma kitu, hata kiwe cha kweli, hajibiwi kwa moyo. Hujibiwa kwa picha ya karoti. Nusu ya video ndiyo iliyomgharimu hayo.