Neno Nililokataa Kulifuta

Jana, katika chumba cha kulala wageni hapa Mtito Andei, mafuta ya taa yalimwagikia daftari langu, na harufu ya karatasi iliyolowa ikanirudisha Tseikuru. Huko nilichunga mbuzi nikisoma kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada, iliyonuka vivyo hivyo. Nilikuwa nimefika herufi B. Hapo nikakuta neno bucolic, sifa ya maisha ya machungani, lililotokana na jina ambalo Wagiriki wa kale walimwita mchunga ng'ombe. Nikaliandika katika insha ya Kiingereza kuhusu nyumbani kwetu.

Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa.

"Hili si neno, msichana."

"Ni neno, mwalimu. Limetoka kwa wachungaji wa Ugiriki."

"Na hao Wagiriki walinywesha ng'ombe wao hapa Tseikuru?"

Darasa zima likacheka. Akanipa kipande cha patipati kuukuu, ndara ya mpira, ambacho sote tulikitumia kama raba. "Lifute. Usipolifuta, nenda ukachunge, na hapa usirudi."

Nilikishika kile kipande, kilicholainishwa na vidole vingi. Nilipenda shule kuliko chakula. Nikakirudisha mezani pake, nikachukua daftari langu, nikatoka.

Mama alikuwa akipura mbaazi uani kwa fimbo.

"Umefukuzwa?"

"Hapana, mwaitu. Nimekataa kufuta kitu ninachokijua."

Aliacha kupura. "Basi usilie."

"Silii," nikamwambia, nikaokota fimbo ya pili.